Baba mkwe ananiazima vitabu halafu kila Jumapili anapiga simu kuuliza maoni. Kimoja kimenishinda kabisa, nimwambieje?

Fundi Baridi

Wakuu habari za majukumu, naombeni ushauri ila msinicheke. Mi ni fundi wa friji na AC, elimu yangu form four, na habari za kusoma vitabu niliziacha siku ile nimerudisha funguo za bweni. Shule yenyewe tulikuwa tunasoma ili tujibu lile swali la "kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma", yani mpaka leo nikikutana na mhusika akili inaanza yenyewe kutafuta dhamira.

Sasa baba mkwe wangu ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, yupo Muheza. Tulienda kumsalimia, na mnajua Muheza ukiondoka unafungiwa machungwa, mi nikafungiwa machungwa pamoja na boksi la vitabu. Akachomoa kimoja akaniambia hebu nisomee hapo nyuma pameandikwaje, miwani sijui nimeiweka wapi, na miwani inaning'inia kifuani pale pale na kamba yake. Nikamsomea. Akasema haya vichukue mkwe, kila ukimaliza kimoja tutaongea. Nikajua ni maneno ya kuagana tu, kumbe mzee yuko siriasi. Kila Jumapili saa mbili usiku simu inaita, haulizi hata mjukuu anaendeleaje, anauliza "umefika wapi?"

Basi nimesoma. Naishi Kimara, nikiwahi Kimara Mwisho alfajiri napata siti kwenye mwendokasi, nasoma mpaka Kariakoo, na kazini pia kuna kusubiri kwingi. Nawawekea maoni yangu ya ukweli, yale ambayo mzee hajayasikia.

KUSADIKIKA nilianza nacho. Najua Shaaban Robert ni Shaaban Robert, na mzee ni mtu wa Tanga kama yeye kwaiyo kumkosoa ni sawa na kutukana ukoo, lakini jamani. Karama kashtakiwa kwa kuanzisha mafunzo ya sheria, na anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita kuitafutia nchi mambo mema, na kila mjumbe akirudi anatiwa ndani. Wa kwanza nilimuonea huruma. Wa pili pia. Wa tatu hata hajafika nusu ya safari mi nishajua pingu zinamsubiri. Na mule hamna mtu anaongea kawaida, wote wanahutubia. Ila ile nchi kuelea hewani imenikaa kichwani, na nilipoona kimetoka 1951, Mwingereza bado yupo, nikasema huyu mzee alikuwa na roho ngumu.

ROSA MISTIKA nilisoma siku tatu na nilikasirika siku zote tatu. Yule baba, Zakaria, mlevi, anampiga binti kisa barua ya mvulana, anambana kwelikweli, alafu binti akifika shuleni akapata uhuru hajui aufanyie nini. Mi nina binti wa miaka kumi na mbili. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za jengo la mteja nasubiri mtungi wa gesi uletwe, nikasimama nikampigia mama yake kumuuliza mtoto yuko wapi na yuko na nani, mke wangu akauliza kuna nini, nikasema hamna, nasoma kitabu. Kosa lake hicho kitabu mwandishi anamkomoa Rosa, akishaanguka anamuongezea na jiwe juu. Walikipiga marufuku mashuleni enzi hizo na mi nahisi waliokipiga marufuku walikuwa kina Zakaria.

PEPONI, hiki cha Gurnah, yule wa Zanzibar aliyechukua Nobel 2021. Nilikiogopa kwa sababu ya hiyo Nobel, nikajua ni cha maprofesa. Kinaenda taratibu mno mwanzoni. Ila kuna Yusuf, mtoto wa miaka 12, anapandishwa treni na tajiri Aziz, yeye anadhani anatembezwa na ndugu wa baba, kumbe kawekwa rehani kwa deni la baba yake, na hakuna aliyemwambia, anakuja kuambiwa na kijana mwenzake dukani kwamba huyu si ndugu yako. Hapo nilifunga kitabu nikaangalia dirishani mpaka Ubungo. Ule msafara wa bara nao mtamu, wanafika kwa Chatu mali yote inakamatwa. Mwisho sasa, mwisho unakatika kama umeme, niligeuza karatasi nikijua imechanwa.

VUTA N'KUVUTE ndo mfalme wa boksi. Yasmin anaozwa kwa mzee Raza, anamkimbia, anaenda kuishi Ng'ambo, mtaa wa Zanzibar mjini, kwa Mwajuma, anakutana na Denge mpinga wakoloni, makachero wanawatafuta usiku kucha. Mwajuma angekuwa mtu wa kweli ningemualika nyumbani. Sina la kukosoa, labda Denge, maana mwanaume hana hela, hana pa kulala, kila siku anatafutwa na polisi, na bado anapendwa vile.

KIKOSI CHA KISASI hiki hakimo kwenye boksi, nilinunua mwenyewe cha mtumba Posta, kimechakaa hakina jalada. Mpelelezi Willy Gamba yuko Kinshasa anawasaka majasusi. Nikapitiliza kituo. Kweli, nilikuwa nashuka Magomeni kwa mteja nikajikuta Jangwani. Ila Willy Gamba halali, hali, hachoki, na kila mwanamke akimuona dakika tano kashapenda, na mi nimeoa miaka kumi na nne sijawahi kuona hiyo kitu. Mzee akijua nasoma hivi sijui ataniwekaje.

Sasa NAGONA. Kembamba kama kadi ya kliniki. Nikasema hiki ni cha siku moja. Wakuu nimekianza mara nne. Sijui nani anaongea, sijui yuko wapi, sijui anatafuta nini. Kuna mtu anasafiri, kuna ukimya, mara wanafalsafa wa Ulaya wameingia, mara tumetoka sijui tumeenda wapi. Ukurasa mmoja niliusoma kutoka Kimara mpaka Manzese, nilipoinua kichwa sikumbuki hata neno. Na mwandishi ni yule yule wa Rosa Mistika, Kezilahabi, ndo kinachoniuma, maana kule nilimuelewa vizuri tu.

Jumapili mbili nimekwepa. Ya kwanza nilisema simu iliisha chaji, ya pili nilimpa mke wangu simu nikaenda kuoga. Ya tatu inakuja. Nimwambie kimenishinda? Nidanganye? Yule ni mkwe, na ndo mtu pekee maishani mwangu ananiulizaga mi nafikiri nini.

---

Ngosha Mtulivu

Mkuu rahisi sana, ingia mtandaoni tafuta uchambuzi, kariri mistari mitatu, mwambie "baba, ni kitabu cha safari ya kutafuta ukweli". Kwisha. Akiuliza zaidi sema mtandao unasumbua.

Mama Wawili

@Ngosha Mtulivu usimpoteze mwenzio, hivyo ndivyo nilivyofanya mi kwa bosi wangu, alinipa kitabu nikasoma mistari ya nyuma tu, nikamwambia nimekipenda hasa pale mwisho alipopona. Akaniangalia. Mhusika alikufa sura ya pili. Na huyo mzee kafundisha Kiswahili maisha yake yote, wanafunzi wangapi wamemdanganya wamesoma na hawajasoma, atakunusa kabla hujamaliza salamu.

Kichwa Ngumu

Nagona mnaisingizia bwana. Tatizo mnataka kila kitabu kiwe na jambazi na polisi. Kile hukisomi kama hadithi, unakisoma kama ndoto, ndotoni huulizi mbona nilikuwa sokoni sasa niko baharini. Mi nilikielewa mara ya tatu chuo.

Fundi Baridi

@Kichwa Ngumu mkuu kama umekielewa nieleze hapa kwa sentensi mbili, nisome mwenyewe na mzee nimweleze.

Kichwa Ngumu

Sio kitabu cha sentensi mbili.

Mama Wawili

😂😂😂 haya

Bint Mkunazini

Mie nakuja kwa Peponi, Nagona mtajuana wenyewe. Ndugu yangu wewe umeipata vizuri pale pa Yusuf na rehani, wala usione haya. Lakini usiseme mwisho umekatika, yule mtoto kachaguliwa maisha na watu wengine tangu ukurasa wa kwanza, baba kamtoa, tajiri kampokea, mke wa tajiri nae ana yake, siku ya kwanza anachagua mwenyewe anachagua kukimbilia askari wa Mjerumani. Hebu fikiri alivyochoka. Mie nililia. Na jengine, kitabu chenyewe kilitoka kwa Kiingereza 1994, tumesubiri mpaka 2022 Ida Hadjivayanis ndo akatutolea kwa Kiswahili, na watu wote wamo mle walikuwa wakisema Kiswahili tokea hapo. Nilipokisoma kwa Kiingereza nilikuwa nawatafsiri kichwani, hichi cha sasa nawasikia.

Na Mwajuma usimualike nyumbani kwako, mkeo hatolala.

Fundi Baridi

@Bint Mkunazini hiyo ya kuchagua mwenyewe sikuiona kabisa dada. Nitarudia kurasa za mwisho leo. Kuhusu Mwajuma nimekusikia.

Mzee wa Pangani Nairobi

Niaje ndugu zetu. Mimi niko Nairobi huku na ningetaka kumuauni huyu fundi. Wewe tafuta Siku Njema ya Ken Walibora, hiyo sisi tulisoma kama setibuku lakini hata mitihani haikuweza kuiua utamu. Stori inaanzia hapo hapo Tanga, mama yake kijana ni mwimbaji wa taarab, Zainabu Makame, halafu kijana anavuka kuja Kenya kumtafuta babake. Mpelekee mzee kama zawadi. Mtu wa Tanga akiletewa kitabu kinachoanzia Tanga, hiyo Nagona atasahau kukuuliza. Walibora tulimpoteza 2020, mwaka ule ule na Kezilahabi, ulikuwa mwaka mbaya sana kwa Kiswahili.

Vitabu Posta

Nina Rosa Mistika, Kuli, Kasri ya Mwinyi Fuad na Willy Gamba kadhaa, bei maelewano, njoo inbox.

Dogo Tech

kuna mwenye pdf ya vuta nkuvute

Bint Mkunazini

@Dogo Tech nenda kanunue, mwandishi nae anakula.

Mwl Kipanga

Na mimi ni mwalimu, bado sijastaafu. Ndugu Fundi, mkwe haambiwi "sijakipenda". Mkwe anaambiwa "baba, hiki kimenizidi, naomba uniongoze". Maneno hayo kwa mwalimu mstaafu ni kama kumpa chaki. Nina hakika ataongea saa nzima na wewe utasikiliza tu. Ila nina swali. Umesema ni vitabu vyake mwenyewe, walimu wa zamani hatuwezi kusoma bila penseli. Je, Nagona ina alama zake? Zinaishia ukurasa gani?

Fundi Baridi

Wakuu. Nimetoka kuangalia sa hivi. Kusadikika imejaa penseli mwanzo mwisho, pembeni kaandika "kweli!" na "serikali" na pengine namba za maswali. Rosa Mistika ina mistari mingi, kuna mahali kaandika jina la mke wangu na alama ya kuuliza, sijajua nimwambie mke wangu au ninyamaze. Nagona ina penseli ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu kaandika "nani?", inaendelea kidogo, alafu basi. Kurasa zote za mbele safi kama za dukani.

Mama Wawili

"NANI?" 😂😂😂 jamani mzee nae aliishia huko huko!!

Ngosha Mtulivu

Kwaiyo mzee anamtuma mkwe akamsomee. Nimempenda huyu mzee.

Kichwa Ngumu

Labda aliacha kuweka alama kwa sababu kilimkolea.

Nesi Zuu

Samahani natoka nje ya mada kidogo. @Fundi Baridi hebu rudi kwenye ulichoandika juu. Miwani iko kifuani na anasema hajui iko wapi, anakuomba umsomee nyuma ya kitabu. Boksi zima mtu mwenye mapenzi na vitabu anakukabidhi. Na simu kila wiki. Nafanya kazi kliniki ya macho, wazee wengi wanaanza hivyo hivyo, hasemi haoni, anasema taa mbovu, anasema miwani imepotea. Muulize mkeo. Ikiwa ni mtoto wa jicho, ni operesheni tu, wengi wanaona vizuri baadae. Ikiwa ni presha ya macho ndo msichelewe, kilichopotea hakirudi, dawa ya matone inalinda kile kilichobaki. Naweza kuwa nimekosea, ila muulize.

Mwl Kipanga

Nami nimesoma mara ya pili nikaona hivyo hivyo.

Fundi Baridi

Nimekaa na huu ujumbe wa nesi toka jana. Mke wangu nae alinyamaza kwanza, alafu akasema mama yake alimwambia baba siku hizi gazeti analishika tu. Anakaa nalo barazani, analigeuza kurasa, watu wakipita wamuone anasoma.

Bint Mkunazini

Subhanallah.

Mama Wawili

Aisee nimenyamaza hapa.

Nesi Zuu

Mpelekeni wiki hii akapimwe, asiende peke yake, na msimwambie mbele ya watu.

Fundi Baridi

Mrejesho wakuu, kama mlivyozoea.

Jumapili simu imeita saa mbili, nimepokea mwenyewe. Nikamwambia kama alivyosema Mwl Kipanga, baba hiki kimenizidi, nimeanza mara nne. Kimya. Nikasema alafu baba nimeona penseli yako imeishia karibu na pale nilipoishia mimi. Kimya tena, mpaka nikaangalia simu kama imekata. Alafu mzee akacheka, akakohoa, akacheka tena. Akasema, "Mkwe, kile kitabu nilikinunua macho yangu mazima kabisa, nikakifungua, nikakifunga. Nimekaa nacho miaka. Wenzangu ofisi ya walimu wanakisifia nami natingisha kichwa." Mwalimu wa Kiswahili huyo! Nikamuuliza sasa mbona umenipa mimi? Akasema wewe unafungua mashine usizozijua kila siku, nikajua hutaogopa.

Ya macho kaisema mwenyewe, sikumuuliza. Kasema tu "maana sasa hata nikitaka siwezi". Shemeji yangu anampeleka hospitali Tanga Jumatano, nesi Mungu akubariki.

Na Kikosi cha Kisasi nimemwambia. Kanyamaza, alafu akauliza "kile cha Kinshasa?" Kumbe anavyo, vilikuwa uvunguni, wanafunzi wake walikuwa wananyang'anywa darasani na yeye ndo mnyang'anyi.

Sasa tumekubaliana hivi, Nagona namsomea mimi. Usiku watoto wakilala natoka nje nakaa juu ya kompresa ya friji moja bovu la mteja, nasoma kurasa mbili kwa sauti narekodi WhatsApp namtumia. Mimi rekodi dakika nne, yeye anajibu dakika tisa. Jana kanisahihisha matamshi ya "dhana" mara mbili. Tuko ukurasa wa saba, na wote wawili hatuelewi kitu, ila ile "nani?" yake ya ukurasa wa tatu anadai ameanza kupata jibu na hataki kuniambia.

Kichwa Ngumu

Mwambie anitumie na mimi hilo jibu.

Mama Wawili

@Kichwa Ngumu si ulisema ulikielewa mara ya tatu chuo 😂

Mzee wa Pangani Nairobi

Na Siku Njema umemnunulia ama bado?

Fundi Baridi

Nimeagiza. Ila kasema tusiifungue mpaka Nagona iishe.

Ngosha Mtulivu

Basi hiyo Siku Njema mtaisoma 2040.